Namna ya Kumtambua na Kumwainisha Opilioni katika Misitu ya Uganda

Mtu anayepita asubuhi katika msitu wa Mabira, kati ya Kampala na Jinja, akaona juu ya gome la mti kiwiliwili kidogo kama punje ya mtama kilichobebwa na miguu minane myembamba kama uzi, atasema bila kusita kwamba ameona buibui. Mganda aliye kando yake atasema nnabbubi, maana ile ile, na safari itaendelea. Lakini mnyama yule si buibui. Ni opilioni: yumo katika ngeli moja ya araknida pamoja na buibui, nge na kupe, ila ana oda yake mwenyewe, oda ya Opiliones, iliyopewa jina hilo na Msweden Carl Sundevall mwaka 1833. Katika Kilatini opilio ni mchungaji wa kondoo. Kiswahili hakina jina lake lililozoeleka, kwa hiyo hapa nitamwita opilioni na kumpa upatanisho wa viumbe hai, kama tunavyofanya kwa wanyama wengine wote.

Zaidi ya spishi 6,500 za oda hii zimekwisha kuelezwa duniani. Maelezo yafuatayo ni kwa mwanafunzi, mwongoza wageni msituni au mpenda viumbe yeyote anayetaka kuanza na mnyama aliye mkononi na kumaliza na jina analoweza kulitetea mbele ya mtu mwingine. Jina la namna hiyo wakati mwingine huishia kwenye familia tu, na hilo halina aibu. Aibu ni kuandika jina la spishi lililonakiliwa kutoka kwenye picha ya mnyama wa Ulaya kwa sababu tu miguu inafanana.

Hakikisha kwanza kwamba si buibui

Majumbani mwetu kuna buibui wa miguu mirefu ambao hukaa kwenye pembe za dari, kichwa chini, katika utando usio na mpango, na ambao ukiwagusa hutikisa mwili kwa kasi mpaka usiweze kuwaona vizuri. Hao ndio wanaochanganywa na opilioni mara nyingi zaidi. Mweke mnyama wako katika chupa ya kioo, umtazame kutoka ubavuni kwa lensi ya mkono yenye nguvu ya mara kumi. Buibui ana kiuno: kifua na tumbo vimeunganishwa na kishipa chembamba kama cha nyigu. Opilioni hana kiuno. Kifua na tumbo vimeshikana kwa upana wote, hata mwili mzima ukaonekana kama kipande kimoja cha mviringo. Kisha tafuta macho. Buibui wengi wana macho manane yaliyopangwa mbele ya uso, lakini opilioni wengi wana mawili tu, nayo hukaa juu ya kinundu kimoja mgongoni, moja likitazama kulia na jingine kushoto, mfano wa taa mbili zilizofungwa juu ya mlingoti.

Opilioni hana tezi za hariri, kwa hiyo hatengenezi utando, na ukimkuta ndani ya utando basi yumo matatani. Hana sumu vilevile. Ule uvumi kwamba ana sumu kali kuliko araknida wote ila meno yake ni mafupi mno kumwuma mtu hauna msingi wowote, na mwongoza wageni anayeurudia anawadanganya wageni wake. Alicho nacho ni tezi mbili za harufu pembeni mwa mgongo, karibu na mashina ya miguu ya mbele, na baadhi yao wakishikwa hutoa majimaji yenye harufu kali ambayo huweza kuacha doa la kahawia kidoleni. Andika kama ulisikia harufu, maana hiyo nayo ni alama.

Mwache atembee kidogo kabla ya kumhifadhi. Utaona kwamba jozi ya pili ya miguu, ambayo kwa kawaida ndiyo ndefu kuliko zote, haitumiki sana kutembelea. Huinyosha mbele na kuipapasisha huku na huku kama mtu atafutaye mlango gizani kwa fimbo. Akibanwa huweza kuuacha mguu mmoja, nao ukabaki ukirukaruka peke yake huku mwenyewe akiondoka. Mguu uliokatika hauoti tena. Kwa sababu hiyo usihesabu miguu iliyopo ukadhani umejua ni mguu gani: hesabu mashina yake chini ya mwili, yaani koksa, jozi nne kutoka mbele kwenda nyuma, ndipo utajua kama kilichobaki ni mguu wa pili au wa tatu.

Kumpata na kumhifadhi

Kabla ya kuokota chochote, shughulikia ruhusa. Hifadhi za taifa kama Kibale, Bwindi, Mlima Elgon na Rwenzori ziko chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Misitu ya hifadhi kama Mabira, Budongo na Mpanga iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Na utafiti wenyewe husajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kupeleka vielelezo nje ya nchi kuna masharti yake ya ziada, chini ya kanuni za mwaka 2005 za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki. Anayetaka kujifunza tu anaweza kuanza na bustani yake au shamba la ndizi la jirani aliyekubali.

Majira mazuri ni ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, kwa kuwa opilioni wengi hukauka upesi na hupenda unyevu. Wale wa miguu mirefu watafute usiku kwa tochi, kwenye mashina ya miti, kingo za mitaro na kuta zenye ukungu. Wale wadogo wenye mwili mgumu hawataonekana kwa kutembea. Hao hukaa chini ya magogo yanayooza na ndani ya majani yaliyoanguka, nao hupatikana kwa kuyachekecha majani hayo juu ya sinia nyeupe au shuka, kisha kungoja. Neno kungoja lina uzito wake hapa. Wengi wao hujifanya wamekufa, miguu imekunjwa, na kwa dakika kadhaa huwezi kuwatofautisha na vipande vya gome. Mwenye haraka hutupa takataka zake na mnyama wake pamoja.

Mpige picha akiwa hai, kutoka juu na kutoka ubavuni, pakiwa na rula ndani ya picha, kwa sababu rangi hufifia ndani ya spiriti. Kwa kazi ya umbo tumia spiriti ya asilimia 70 hadi 80. Kwa kazi ya vinasaba weka mguu mmoja katika spiriti ya asilimia 95 au zaidi. Ukinunua spiriti ya asilimia 96, pima mililita 78, kisha ongeza maji ya betri, yale yasiyo na asidi, mpaka ujazo ufike mililita 100, na utakuwa na asilimia 75 hivi. Usitumie spiriti iliyotiwa rangi. Waragi pia haifai, ingawa kila safari kuna mtu anayependekeza hivyo: ile ya dukani ina kileo cha asilimia 40 hivi, na mnyama ataoza taratibu ndani yake. Jeli ya kutakasia mikono ni mbaya zaidi, maana hugandamana kwenye miguu na haisafishiki.

Lebo iingie ndani ya chupa pamoja na mnyama, si kubandikwa nje. Iandikwe kwa penseli. Katika mwaka wangu wa kwanza niliandika lebo kumi na nane kwa kalamu ya kawaida, mwandiko mzuri kabisa, na baada ya wiki mbili spiriti ilikuwa ya samawati na karatasi zote nyeupe pe. Wanyama walikuwepo, lakini hakuna aliyejua tena yupi alitoka Mpanga na yupi alitoka Entebbe, nikalazimika kuwatoa wote kwa ajili ya kufundishia tu. Andika nchi, wilaya, mahali hasa, vipimo vya GPS, kimo kutoka usawa wa bahari, tarehe, mazingira aliyokutwa, njia uliyotumia na jina la aliyemkamata. Mwezi uandike kwa nambari za Kirumi, ili tarehe nne ya mwezi wa tano isije ikasomwa na mwingine kuwa tarehe tano ya mwezi wa nne.

Hatua ya kwanza ya uainishaji: oda ndogo

Opilioni walio hai wamegawanywa katika oda ndogo nne: Cyphophthalmi, Eupnoi, Dyspnoi na Laniatores. Mbili kati yake ndizo zitakazokushughulisha Uganda.

Dyspnoi karibu wote ni wa nusu ya kaskazini ya dunia. Ukiona ufunguo wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali ya kukufikisha kwenye jina, uliotungwa Ulaya unakuelekeza huko, rudi nyuma utafute ulipokosea. Cyphophthalmi ni wadogo sana, wa milimita chache tu, miguu yao ni mifupi, na mtu huwadhania utitiri. Tezi zao za harufu hufunguka juu ya vinundu viwili vilivyoinuka kama koni. Afrika Mashariki tunaye mmoja mashuhuri, Marwe coarctata, aliyeelezwa mwaka 1985 kutoka pango la mawe ya chokaa nchini Kenya. Ukimpata mnyama wa umbo hilo Uganda, usimguse tena mpaka umpate mtaalamu.

Waliobaki ni Eupnoi na Laniatores, nao hutofautishwa kwa pedipalpi, yaani ile jozi ya viungo iliyo kati ya koleo za kinywa na mguu wa kwanza. Kwa Eupnoi pedipalpi ni nyembamba, zinafanana na miguu midogo na huishia na ukucha mdogo. Mwili wao kwa kawaida ni laini na miguu ni mirefu kupita kiasi. Kwa Laniatores pedipalpi mara nyingi ni silaha: zina miiba, hujikunja mbele ya uso na hushika mawindo, na mgongo umefunikwa na ngao moja ngumu. Ukiwa bado una shaka, tazama ncha za miguu. Eupnoi wana ukucha mmoja kwa kila mguu. Laniatores wana ukucha mmoja kwenye jozi mbili za mbele, lakini jozi mbili za nyuma huwa na kucha mbili, au ukucha mmoja wenye matawi. Alama hii haidanganyi kama urefu wa miguu unavyodanganya.

Kutoka oda ndogo hadi familia

Hapa lensi ya mkono haitoshi tena; inahitajika hadubini ya macho mawili, ya kukuza mara ishirini hadi hamsini. Mnyama atazamwe akiwa amezama ndani ya spiriti, katika kisahani cha kioo kilichowekwa mchanga safi. Mchanga wa ufukwe wa Entebbe uliooshwa mara nyingi na kuchemshwa unafaa sana: unamchimbia mnyama kijishimo, anakaa kwa pembe unayotaka, mgongo juu au tumbo juu, na hazungukizunguki kila ukigusa meza.

Kwa Eupnoi kazi ni nyepesi kiasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya wale wa Afrika kusini mwa Sahara ni wa familia ya Phalangiidae. Utakaowaona zaidi ni wenye miiba midogo kuzunguka kinundu cha macho na mbele ya uso. Jenasi ya Kiafrika ya Rhampsinitus ina madume ambao koleo zao za kinywa huweza kuwa kubwa ajabu, zimesimama mbele ya uso kama pembe. Kuna mtego hapo: ndani ya spishi moja ukubwa wa koleo hizo hutofautiana sana kati ya dume na dume, na za jike hazikui hivyo kabisa, kwa hiyo wanyama watatu waliotoka kwenye mti mmoja wanaweza kukushawishi uandike majina matatu.

Laniatores ndio wenye utajiri. Familia utakayokutana nayo mara nyingi katika misitu yetu ni Assamiidae, yenye mamia ya spishi kutoka Afrika hadi Asia na Australia. Tazama uso kutoka mbele: pedipalpi mara nyingi zimekunjwa zikipishana kama mtu aliyefumbata mikono kifuani, na kwenye ukingo wa mbele wa ngao kuna meno madogo yaliyopangwa safu. Biantidae wao hujulikana kwa macho: hayakai juu ya kinundu kimoja, bali yametengana mbali, kila moja upande wake, na pedipalpi ni ndefu na nyembamba. Pyramidopidae ni familia ya Kiafrika, na jina lake linatokana na jenasi ya Pyramidops. Familia hiyo ilianzishwa rasmi mwaka 2011, kwa hiyo ufunguo wowote wa kabla ya hapo hautakufikisha kwake, bali utakusukumia kwenye familia nyingine kwa ujasiri wote. Angalia mwaka wa ufunguo kabla ya kuuamini.

Kabla ya kuendelea, hakikisha mnyama ni mkubwa wa umri. Mtoto huwa laini na mweupe-mweupe, kifuniko cha uzazi chini ya tumbo lake hakijafunguka, na idadi ya pingili za miguu yake haijakamilika. Mtoto mwandike hadi familia, basi. Na vile vidoto vyekundu vinavyong'aa miguuni au mgongoni visikuingie kwenye mchoro wako kana kwamba ni rangi ya mwili: ni utitiri wanaomnyonya.

Jenasi na spishi

Ncha ya mguu wa opilioni, yaani tarso, imegawanyika katika pingili kama za muwa, na hesabu ya pingili hizo huandikwa kwa mpangilio maalumu. Ukiona 6(3):12(3):6:7, maana yake ni kwamba mguu wa kwanza una pingili sita, tatu kati yake zikiwa za kipande cha mwisho. Wa pili una kumi na mbili, tatu zikiwa za mwisho. Wa tatu sita. Wa nne saba. Hesabu kulia, kisha hesabu kushoto, uandike zote mbili hata zisipolingana. Mara nyingi hazitalingana kwenye mguu wa pili.

Hesabu hii ina historia inayopaswa kukutia tahadhari. Mjerumani Carl Friedrich Roewer, aliyeishi kuanzia 1881 hadi 1963, alieleza spishi za opilioni nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, zikiwemo nyingi za Afrika, na jenasi nyingi alizitenganisha kwa idadi ya pingili na mpangilio wa miiba peke yake. Waliomfuata walikuta kwamba alama hizo hubadilika ndani ya spishi moja, wakaunganisha au kufuta majina kadha wa kadha. Simlaumu, bila yeye tusingekuwa na pa kuanzia. Lakini anayetumia funguo zake leo azichukue kama dira ya kumwelekeza upande, asizichukue kama hukumu.

Hukumu hutolewa na uume wa dume. Opilioni, tofauti na buibui, ana uume wa kweli, na umbo la ncha yake hutofautisha spishi ambazo kwa nje zinalingana kama shilingi kwa ya pili. Mlaze dume tumbo juu kwenye mchanga, inua kifuniko cha uzazi kwa sindano nyembamba sana, kisha vuta uume taratibu kwa koleo lenye ncha kali. Uhamishe kwenye tone la mafuta ya karafuu juu ya kipande cha kioo. Baada ya muda mfupi tishu hupitisha mwanga, na maumbo ya ndani yakaonekana. Kwa kundi kubwa la Laniatores liitwalo Grassatores uume hauna misuli, hufunguka kwa msukumo wa majimaji ya mwili, na kwa hiyo ncha iliyokunjwa inaweza kukudanganya. Asidi ya laktiki iliyopashwa moto kidogo huilegeza na kuifungua. Chora kutoka juu, kutoka chini na kutoka ubavuni. Ukimaliza, uume uingie kwenye kichupa kidogo ambacho kinarudi ndani ya chupa ya mnyama yule yule, maana sehemu iliyotengana na mwenyewe haina tena thamani.

Kuandika jina

Tuchukue mfano. Umechekecha majani Mpanga, ukapata dume wa milimita nne, mwenye ngao ngumu, kucha mbili kwenye miguu ya nyuma, pedipalpi zilizopishana, meno mbele ya ngao na macho juu ya kinundu kimoja. Umefika Assamiidae bila wasiwasi. Pingili zinakupeleka kwenye jenasi moja, lakini mchoro wa uume wa spishi pekee uliyoweza kuilinganisha naye haufanani sawasawa na wako. Andika familia, jenasi, kisha cf. kabla ya jina la spishi, yaani linganisha na hiyo. Kama huna hata cha kulinganisha, andika jenasi na sp. tu, yaani spishi isiyotambuliwa. Kama jenasi yenyewe inatetereka, andika Assamiidae na usimamie hapo, pamoja na jina lako kama mtambuzi na mwaka wa utambuzi.

Jina likikamilika, lifuatishe jina la aliyelitoa na mwaka. Phalangium opilio Linnaeus, 1758 haina mabano kwa sababu spishi ile bado imo katika jenasi aliyoiweka Linnaeus; mabano yangeonyesha kwamba imehamishwa. Usiyaongeze kwa ajili ya kupendezesha, na usiyaondoe ukiyakuta.

Ikiwa kila dalili inaonyesha spishi mpya, usiitangaze kwenye simu. Jina jipya husimama tu likichapishwa kwa kufuata Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, ambayo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, na ni lazima kielelezo cha kubeba jina kitajwe, kwa kawaida kimoja kiitwacho holotipu, mahali kinapotunzwa pakielezwa. Pengine mahali hapo patakuwa makumbusho ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Makerere, na mtunzaji wake, kabla ya kukuuliza chochote kuhusu miiba na pingili, ataiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha kuona kama lebo imo ndani na kama inasomeka.